Oregon, Uholanzi, Kanada, Uganda: njia nne za kumsikiliza mgonjwa anayekaribia kufa

Muuguzi Mkenya anayefanya kazi Toronto anaweza kuingia zamu asubuhi akaambiwa kwamba mgonjwa wa kitanda fulani ameomba kufa, ameshakaguliwa, na siku imepangwa. Mwenzake wa Eldoret au Mbeya akiambiwa na mgonjwa maneno hayohayo, "nisaidieni nife," hana fomu ya kujaza. Ana mgonjwa, ana ndugu waliojaa koridoni, na pengine hana hata mofini ya kumtuliza. Wote wawili hawakwepi kuwa na msimamo, na wengi wao hawajapata pa kukaa wakaupima.

Mjadala huu wa kumsaidia mgonjwa kufa ukifika kwetu hupunguzwa kuwa ndiyo au hapana. Nchi zilizouingia kwa undani hazikujibu hivyo. Zimetofautiana juu ya nani aruhusiwe, nani atende, nani akague, na mgonjwa awekewe nini kingine mbele yake kabla ya kuamua. Nimechagua nne. Oregon ni jimbo la Marekani ambako mgonjwa huandikiwa dawa na kuinywa mwenyewe. Uholanzi ni nchi ambako daktari huweza kutenda kwa mkono wake, na kipimo kikuu ni mateso. Kanada imepanua mlango wake kwa kasi ndani ya miaka michache. Uganda haijawahi kuruhusu kifo cha kusaidiwa, lakini imejenga tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo nchi nyingi za Afrika zimekwenda kujifunza kwake. Uganda nimeiweka kwa makusudi. Watu huitaja kama nchi ambayo "bado haijafika", ilhali nayo imetoa jibu lake, na jibu hilo linastahili kupimwa kwa mizani ileile.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaendelea. Kenya, Tanzania na Uganda, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai, na daktari hana msamaha. Afrika Kusini mahakama kuu ya Pretoria ilimruhusu mgonjwa mmoja wa saratani mwaka 2015, naye alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa. Mahakama ya rufani ikaifuta amri hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo ninachokilinganisha hapa ni misimamo na sheria, kwa faida ya anayetaka kujua atasimama wapi.

Tusichanganye mambo matatu

Ugomvi mwingi nyumbani hutokana na kuviita kwa jina moja vitendo ambavyo havifanani. La kwanza ni kukataa au kusitisha matibabu: mgonjwa anasema hataki mashine ya kupumulia, au hataki tena kusafishwa damu, na ugonjwa unafuata njia yake. La pili ni kutuliza maumivu kwa dawa kali, hata ikijulikana kwamba mwili ni dhaifu. La tatu ni kumpa mgonjwa dawa kwa nia ya kumaliza uhai wake, ama anywe mwenyewe ama adungwe.

Dini zetu kubwa zinapinga la tatu. Hazipingi la kwanza na la pili kama watu wanavyodhani. Papa Pius XII alisema mwaka 1957, akizungumza na madaktari, kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kuurefusha uhai, na kwamba kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama dawa huenda ikafupisha siku. Upande wa Uislamu, wanazuoni huirejea hadithi ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume kuomba dua. Mtume akampa hiari: asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu aombewe asifunuke mwili anapoanguka. Wengi wameisoma kama dalili kwamba matibabu si lazima katika kila hali. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inamtambulia mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na kukataa matibabu. Kwa hiyo binti anayemwambia daktari "msimwekee mama mashine, hakutaka" hajamuua mama yake, na nasikitika kila ninaposikia ameambiwa hivyo matangani.

Vigezo nilivyotumia

Maswali ni matano, yaleyale kwa kila nchi. Nani anaruhusiwa kuomba? Ni mkono wa nani unaotenda? Nani anakagua, na lini? Mgonjwa ana njia gani nyingine iliyo wazi? Na mtoa huduma asiyetaka kushiriki anabaki wapi? La nne nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu naamini ndilo linalotuambia kama hiari ni hiari kweli.

Nani anaruhusiwa kuomba

Oregon mlango ni mwembamba. Wananchi waliipigia kura sheria mwaka 1994, ikakwama mahakamani, wakapiga kura tena mwaka 1997 na kukataa kuifuta, ikaanza kazi. Anayeomba awe na miaka 18 au zaidi, awe na akili timamu, na madaktari wawili wakubali kwamba ugonjwa wake hauponi na makadirio ni miezi sita au pungufu. Anaomba kwa mdomo mara mbili, siku 15 zikipita katikati, na mara moja kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Tangu mwaka 2020 siku hizo zinaweza kusamehewa kwa mtu anayetarajiwa kufa kabla hazijaisha. Mwembamba huu una wanaoachwa nje. Mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hawezi kamwe kupita: akili ikiwa timamu, bado ana miaka ya kuishi, akibakiza miezi sita, akili imeshaondoka.

Uholanzi sheria ilianza Aprili 2002, baada ya karibu miaka 30 ya kesi na maelewano kati ya madaktari na waendesha mashtaka. Haisemi chochote kuhusu miezi. Inadai ombi la hiari lililofikiriwa vizuri, mateso yasiyovumilika yasiyo na matumaini ya kupungua, na kwamba daktari na mgonjwa wamekubaliana hakuna njia nyingine ya maana. Vijana kuanzia miaka 12 wamo, wadogo kwa idhini ya wazazi. Mtu anaweza pia kuandika mapema: nikifikia hali hii, nataka hivi.

Andiko hilo la mapema ndilo lililozaa kesi ninayodhani kila mwenye msimamo juu ya jambo hili anapaswa kuijua. Mwaka 2016 mwanamke wa miaka 74 aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau, na aliyekuwa ameandika mapema kwamba anataka kufa badala ya kuishi hivyo katika nyumba ya wazee, aliwekewa dawa ya usingizi kwenye kahawa yake bila kuambiwa. Wakati wa tendo lenyewe aliinuka, na ndugu zake wakamshikilia. Daktari alishtakiwa, akaachiwa mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema ombi la maandishi laweza kufuatwa hata kama mgonjwa hawezi tena kulithibitisha. Hapo swali la hiari linakuwa gumu kweli. Aliyeandika ni yeye. Aliyeinuka kitandani naye ni yeye. Uholanzi imeamua kumsikiliza wa kwanza. Oregon isingemsikiliza yeyote kati yao. Mimi kesi hii hunitia hofu, na bado naelewa kwa nini mtu aliyemwona mzazi wake akipotea kidogo kidogo kwa miaka mingi angetaka andiko lake liheshimiwe.

Kanada ilianza na mahakama. Februari 2015 majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba katazo la moja kwa moja linakiuka katiba, na sheria ikapitishwa Juni 2016 kwa watu ambao kifo chao cha kawaida kinatarajiwa. Mwaka 2019 mahakama moja ya Quebec ikasema sharti hilo nalo linabagua, na Machi 2021 bunge likaliondoa. Tangu hapo kuna njia mbili: ya wanaokaribia kufa, na ya wenye ugonjwa au ulemavu mzito usiotibika ambao hawakaribii kufa. Njia ya pili inadai tathmini isiyopungua siku 90. Ugonjwa wa akili peke yake bado hauruhusiwi. Ruhusa imeahirishwa zaidi ya mara moja, mwisho hadi Machi 2027.

Uganda hakuna wa kuomba, kwa kuwa hakuna cha kuombwa. Lakini mlango wa tiba shufaa ni mpana kuliko yote matatu: kila mwenye ugonjwa unaotishia maisha anastahili, hata anayeendelea na matibabu, hata ambaye huenda akapona. Pengo lake tulitaje bila kulificha. Mgonjwa anayesema "maumivu yametulia, akili yangu iko sawa, na bado nataka kuondoka" atasikilizwa na kushikwa mkono, ila alichokiomba hatakipata.

Mkono wa nani

Kigezo hiki huonekana kidogo, kumbe kinabadili kila kitu. Oregon daktari anaandika dawa na mgonjwa anainywa mwenyewe. Takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa huwa hawainywi. Wengine hufa na ugonjwa kabla, wengine hubaki nayo na kuona kwamba kule kuwa nayo tu kumewatosha. Kasoro ni kwamba asiyeweza kumeza wala kuinua mkono ananyimwa na mwili wake, na mwingine huenda akaharakisha akiogopa kufika hapo.

Uholanzi na Kanada daktari anaweza kutenda mwenyewe, na Kanada muuguzi mwenye mafunzo ya juu pia anaruhusiwa. Kanada karibu vifo vyote vya namna hii hutendwa na mtoa huduma. Mwaka 2023 walikuwa watu 15,343, asilimia 4.7 ya vifo vyote nchini humo. Uholanzi mwaka huohuo ilikuwa na 9,068, asilimia 5.4. Oregon, baada ya robo karne, haifikii kifo 1 katika kila 100. Naona sababu mbili: upana wa mlango, na mkono. Mtu akitakiwa kutenda mwenyewe, nafasi ya kughairi inabaki wazi hadi dakika ya mwisho bila kumwaibisha mbele ya yeyote.

Uganda mkono ni wa ugonjwa. Mtoa huduma anafuatana nao akipunguza makali.

Nani anakagua

Uholanzi daktari wa pili asiyehusika humwona mgonjwa kabla, na baadaye kila kifo huripotiwa kwa mojawapo ya kamati tano za kanda, zenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili. Ripoti zao za kila mwaka ziko wazi, hata zile zinazosema daktari amekosea. Kanada tathmini mbili hufanywa kabla, kisha taarifa hupelekwa. Ukaguzi baada ya tendo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Oregon nako ni madaktari wawili na ripoti kwa idara ya afya. Mtaalamu wa akili huitwa pale tu mmoja wao anapotia shaka. Uganda jicho liko kwenye dawa: mofini hutunzwa kwa rejista, na anayeiandika lazima awe amefunzwa.

Mgonjwa ana njia gani nyingine

Tuanze Oregon, maana huko jibu linashangaza. Karibu tisa katika kila kumi ya wanaotumia sheria hiyo tayari wako kwenye hospisi, huduma ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Wana wauguzi, wana dawa. Wanapoulizwa sababu, maumivu hayaongozi. Yanayotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yanayoyapa maisha raha, na kupoteza heshima. Takriban wanne katika kumi hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa familia.

Hapo pa mzigo nasimama kidogo. Kwetu, mgonjwa wa saratani anayelala wodini anajua shamba lipi limeuzwa. Anajua kuna kundi la WhatsApp la mchango, anajua nani ametoa na nani amekaa kimya, na anamsikia mjukuu akirudishwa shule kwa ajili ya karo. Mtu huyo akisema "niacheni niende", anazungumzia mwili wake au anazungumzia bili? Sheria yoyote itakayoandikwa kwa ajili yetu lazima iweze kutofautisha, na sijaona fomu inayoweza. Haina maana kwamba maskini hana akili ya kuamua. Maana yake ni kwamba bei ikishaingia chumbani, sauti ya mgonjwa haisikiki peke yake.

Kanada inapambana na swali hilohilo kwa sura nyingine. Takriban robo tatu ya wanaosaidiwa kufa walikuwa wamepata tiba shufaa, na wengi wao wana saratani. Malalamiko makali yako kwenye njia ya pili, ambayo mwaka 2023 ilikuwa na watu 622. Vyama vya watu wenye ulemavu vinauliza kwa nini mtu apate msaada wa kufa kwa haraka kuliko nyumba inayofaa kiti chake cha magurudumu. Mwaka 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliishauri Kanada iifute njia hiyo. Wanaoitetea husema mtu mwenye ulemavu naye ana akili zake, na kumkatalia kwa ajili ya ulemavu wake ni kumfanya mtoto. Hoja zote mbili zina uzito, na nashauri msomaji asiikimbie yoyote.

Uholanzi ina ngao isiyoandikwa ndani ya sheria hiyo: daktari wa familia. Kila mkazi ana bima ya lazima na daktari wake wa karibu, mara nyingi anayemjua kwa miaka, na mengi ya maombi haya huishia nyumbani mikononi mwa daktari huyo. Nchi ikinakili sheria ya Uholanzi bila huyo daktari, itakuwa imechukua kufuli bila ufunguo.

Sasa Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Msingi wa kazi ulikuwa mofini ya kunywa: unga unachanganywa na maji hapohapo nchini, unatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, unawekwa kwenye chupa ya plastiki ambayo bibi kijijini anaweza kuishika. Dawa hunywewa kila baada ya saa nne, na pamoja nayo hutolewa kitu cha kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Serikali ikakubali kuigawa bure kwa wagonjwa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuiandika, kwa sababu ukisubiri daktari wilaya nzima, mgonjwa atakufa akilia.

Huo ni uamuzi wa kisheria wa kina sawa na kura za Oregon. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1. Uganda imetoka kwenye hesabu hiyo mbaya kwa unga, maji na ruhusa ya kuandika. Bado haijawafikia wote. Kuna wilaya ambako mtoa huduma aliyefunzwa ni mmoja, na usafiri wake ni pikipiki isiyo na mafuta. Majirani nao wana walipoanzia: Nairobi Hospice ipo tangu mwaka 1990, na taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa huduma hii. Adui mkubwa ni imani kwamba "akishapewa hiyo dawa, ndiyo basi". Ndugu huikataa mofini kwa jina la upendo, na mgonjwa anauma shuka usiku kucha.

Kuna na jingine linalotugusa sisi kuliko Oregon. Daktari anatoka wodini, kaka mkubwa anamvuta pembeni: "Daktari, usimwambie mama. Ataogopa." Mama analala ndani na kila mtu anajua isipokuwa yeye. Kisha tunajadili haki ya mgonjwa kuchagua jinsi ya kufa, wakati hajaruhusiwa kujua kwamba anakufa. Ukitaka kujua tuko wapi kwenye hiari ya mgonjwa, tazama korido hiyo kabla ya kutazama bunge.

Asiyetaka kushiriki

Oregon halazimiki mtu. Uholanzi pia mgonjwa ana haki ya kuomba tu, na daktari anaweza kukataa. Tangu mwaka 2012 kuna kliniki maalumu kwa waliokataliwa na madaktari wao. Kanada hakuna anayelazimishwa kutenda, lakini Ontario daktari asiyetaka lazima ampeleke mgonjwa kwa mwingine atakayemhudumia, na mahakama ya rufani ya jimbo ilithibitisha hilo mwaka 2019. Kwa wenye imani kali, kupeleka nako ni kushiriki. Uganda mgogoro huu haupo, isipokuwa kwa mtoa huduma anayeogopa kuandika mofini, na huyo dhamiri yake inahitaji mafunzo.

Kila njia inamfaa nani

Msimamo wa Oregon unamfaa anayeamini kwamba mtu mzima anayekufa ana haki ya neno la mwisho, lakini hataki daktari awe mtendaji, na anakubali kwamba baadhi ya wanaoteseka wataachwa nje ili mlango usipanuke. Wa Uholanzi unamfaa anayeona kwamba mateso ndiyo kipimo na kalenda haina uzito, na anayeishi penye afya ya bure au bima kwa wote, madaktari wanaojulikana na kamati zisizoogopa kulaumu. Wa Kanada unamfaa anayeweka usawa mbele: kama hiari ni haki, isiishie kwa wanaokaribia kufa peke yao. Anayeushika awe tayari kujibu wenye ulemavu wanaosema wanasukumwa. Wa Uganda unamfaa anayeamini kwamba uhai si wa mtu kuumaliza, au asiye na uhakika juu ya hilo lakini ana uhakika kwamba maumivu yanatibika. Naye awe tayari kumjibu yule mmoja aliyetulizwa ambaye bado anaomba.

Misimamo hii haifukuzani yote. Oregon ina hospisi nzuri na ina sheria yake. Unaweza kutaka mofini ya Uganda leo na kuendelea kubishana juu ya Oregon kesho. Kinyume chake, kutaka sheria ya Kanada wodi ikiwa haina mofini, kwangu ni kuanza kuezeka kabla ya kuta.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni muuguzi au mtunza wazee ughaibuni, soma kanuni za chombo kinachokusajili kabla siku haijafika. Jua unaweza kujiondoa kwenye nini na huwezi kujiondoa kwenye nini. Mara nyingi kumsafisha, kumlisha na kumfariji mgonjwa aliyeomba kufa hubaki kazi yako. Mwambie msimamizi mapema, kwa maandishi. Mgonjwa asiyajue mashaka yako kwa uso wako.

Kama una mzazi Marekani, Uholanzi au Kanada aliyetaja jambo hili, usianze na fatwa wala mahubiri. Muulize anaogopa nini hasa. Jibu likiwa maumivu, upweke au bili, kuna la kufanya kabla ya fomu. Likiwa ni kwamba amefikiri na ndivyo anavyotaka, una haki ya kumwambia hukubaliani, na bado ukakaa naye.

Kama wewe ni mwanasheria, mbunge au mjumbe wa kamati ya maadili, chukua maswali matano uyapeleke kwenye wilaya yako mwenyewe. Anza na la nne. Omba rejista ya mofini ya hospitali ya wilaya uone iliishiwa kwa siku ngapi.

Kama mgonjwa ni wewe, na unataka kufa, mwambie daktari au muuguzi kwa maneno hayohayo, bila kuyapamba. Ombi la kufa ni habari ya kitabibu: mara nyingi chini yake kuna maumivu yasiyotibiwa, sonona inayotibika au hofu ambayo hakuna aliyeiuliza. Mtaje pia mtu mmoja unayetaka azungumze kwa niaba yako utakaposhindwa, na uwaambie ndugu mbele yake ni matibabu gani hutaki. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia sasa, usikae nayo peke yako. Mwite mtu aje akae nawe na mwende kituo cha afya leo.

Kama ni familia yenye mgonjwa nyumbani au wodini, ombeni kikao na daktari, na mgonjwa awepo kama anaweza. Ulizeni ugonjwa umefika wapi, matibabu haya yanalenga kuponya au kuongeza siku, na nini kitafanywa usiku maumivu yakizidi. Muulizeni mgonjwa anataka kujua kiasi gani, mheshimu jibu lake. Daktari akisema mofini haipo hapo, msikubali mazungumzo yaishe: ulizeni ipo hospitali gani ya karibu, inahitaji barua ya nani, na nani kati yenu anaweza kuifuata leo.